Kukaa na Kinyago

Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Niliuamini msemo huo tangu utoto, hadi nilipomkuta mama mmoja mchoraji hapa Songea, mtaa wa Lizaboni, ameketi kwenye kigoda mbele ya kinyago kisichozidi shubiri moja na nusu, mikono mapajani, hasemi, hachori. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi Juni, na ukungu ulikuwa bado umeikumbatia milima ya Matogoro. Nilibisha hodi. Akaitikia bila kugeuka: "Karibu, kaka. Vuta kigoda, ukae kwanza." Nikakaa. Binti yake alipotuletea chai na mihogo ilikuwa imepita karibu saa nzima, na katika saa hiyo nilichokiona ni kitu kimoja tu: aliinuka mara mbili kukigeuza kinyago, kidogo kidogo, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.

Nilikuwa nimekwenda kuona picha. Zilikuwepo, zimegeuzwa kifudifudi ukutani, na hakuna aliyezigusa mpaka chai ilipokwisha.

Tangu siku hiyo nimerudi kwake mara nyingi. Majirani wanamwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu ndilo jina linalomfaa na kwa sababu yeye mwenyewe hapendi jina lake lisambae. Kile kinyago kilichongwa na babu yake mzaa mama, Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Ruvuma kuja upande wetu, na serikali ikawafungulia makazi, mojawapo likiwa Muhukuru, kusini mwa Songea. Babu alifika na tezo, patasi mbili na kisu. Hakubeba gogo. Magogo, alikuwa akisema, yapo kila nchi. Mkono ndio haupatikani njiani.

Kinyago chenyewe ni mwanamke amesimama, mtungi kichwani, mkono mmoja umeushika mtungi na mwingine umening'inia. Mdomo wa juu umetokeza kwa ndona, lile pambo la mdomoni, na mashavuni mna chale zilizopangwa kama mistari ya shamba. Uso umesuguliwa kwa msasa hadi unang'aa. Mtu akikiona sokoni atatazama uso huo, atauliza bei, atakwenda zake. Fundi anatazama mgongo. Huko nyuma babu hakupiga msasa. Mikato ya tezo imebaki kama ilivyotoka, midogo midogo, inashuka begani kama magamba ya samaki, na inapofika kiunoni inageuka ghafla na kuelekea upande mwingine. Ilinichukua ziara tatu kuuona mgeuko ule, na yeye hakunionesha. Alingoja. Nilipouona ndipo akanieleza kwamba hapo babu alikutana na jicho la mti, akazunguka, na kiuno cha yule mwanamke kikapinda kidogo kwa sababu hiyo. Miaka yote watu walisifu pozi la kinyago, wakidhani ni la kubuni. Gogo ndilo lililoamua.

Anayeujua mpingo hatashangaa. Ni mti wa kusini, wa Namtumbo, Tunduru, Kilwa na ng'ambo ya mto, na hauna haraka hata kidogo: huhitaji miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama. Nje una tabaka jembamba la rangi ya maziwa yaliyochacha, ndani ni mweusi wenye zambarau kwa mbali. Ulaya wanaupenda kwa filimbi na zumari zao za okestra, kwa kuwa haunywi unyevu upesi. Lakini mara nyingi haunyooki. Hujikunja, hupasuka, moyo wake huoza ukawa uwazi, na mchongaji anayekuja na picha iliyokamilika kichwani atapigana na mti mpaka patasi imvunjikie. Kwa hiyo Wamakonde walijifunza kukaa na gogo kabla ya kuligusa. Hulizungusha, huligonga, husikiliza penye mlio wa uwazi, hutafuta ufa unaanzia wapi. Siku inaweza kupita, au wiki. Mtu asiyejua atamwona fundi mvivu.

Nadhani hii ndiyo tafakuri tuliyonayo kwetu, na hatuhitaji kuiazima. Siku hizi neno hilo linaambatana na mikeka, mishumaa na watu waliofumba macho. Mchongaji hafumbi macho. Anayafungua kupita kawaida, juu ya kitu kimoja, kwa muda ambao mtu mwingine angeona aibu kuutumia.

Wamakonde wana hadithi yao ya asili ambayo kila nikiisikia naona ni hadithi ya kazi hii. Palikuwa na kiumbe mmoja porini, peke yake, haogi wala hanyoi nywele. Siku moja akachonga mti ukawa na umbo la mwanamke, akausimamisha juani karibu na makao yake. Usiku ukapita. Asubuhi umbo lile lilikuwa mwanamke hai, naye akawa mkewe. Walizaa bondeni karibu na mto, mtoto akafa. Wakazaa tena pasipoinuka sana, akafa. Wakapanda nyanda za juu, wa tatu akaishi, na kwa sababu hiyo Wamakonde wakakaa juu. Wasimuliaji hukazia mto na nyanda. Fundi hukazia ule usiku. Yule kiumbe alichonga, akasimamisha, akaacha. Hakulirekebisha umbo lile wala hakulivuta mkono. Uhai uliingia wakati yeye ametulia.

Sasa niseme anavyochora, maana hapo ndipo mapenzi yangu yalipo.

Hutumia hadibodi, futi mbili kwa mbili, upande laini. Huupiga msasa kidogo tu ili ushike, kisha huupaka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili. Nyuma ya nyumba amechimba udongo mwekundu wetu huu unaotia doa kila shati la Songea. Huuanika, huutwanga kwenye kinu, huuchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ubaki unga laini kama sembe, ndipo huuchanganya na gundi na kuutandaza ubaoni kwa brashi pana. Penye nafasi ya mwanga mkali hutangulia udongo mweupe. Ubao unalala usiku kucha. Asubuhi una rangi ya tofali lililochomwa vizuri.

Halafu anafanya jambo lililonisononesha mara ya kwanza nilipoliona. Anachukua rangi nyeusi ya mafuta, ya dukani, ile ya kupakia milango, na kuufunika ubao wote. Wekundu unazama. Kazi ya siku mbili inapotea chini ya weusi mmoja unaometa, na mbele yako hakuna picha yoyote, pana kitu kinachofanana na gogo la mpingo lililopasuliwa ubao.

Anasubiri. Hugusa pembeni kwa kifundo cha kidole: rangi ikishika ngozi bila kuacha doa, wakati umefika. Jua la Oktoba humpa muda mfupi mno. Baridi ya Juni na Julai hukawiza rangi kukauka, kwa hiyo kazi zake kubwa zote ni za msimu wa baridi. Hakuna sababu nyingine ya kishairi. Katika muda huo huchukua patasi ndogo ya babu, wembe na spoki ya baiskeli aliyoinoa ncha kwenye jiwe, akaanza kukwangua.

Haanzi na uso wala mistari ya mwili. Anaanza na penye hewa: ule upenyo kati ya mkono na mbavu, pembetatu chini ya kwapa, uwazi kati ya mtungi na bega. Anaondoa weusi hapo mpaka wekundu unatokea, na mwanamke anaanza kuonekana kwa kile ambacho si yeye. Mkono wa Fundi unakwenda polepole, unasimama, unarudi kwenye kinyago. Macho yake huenda mara tano kwenye kinyago kwa kila mara moja ubaoni, nimehesabu. Akifika mgongoni hukwangua kwa mikato mifupi inayoshuka kama magamba, na kiunoni anageuza mkono. Ubao hauna jicho la mti pale. Anageuza kwa sababu babu aligeuza, na picha nzima inapata mzigo kiunoni, unauona uzito wa maji ndani ya mtungi.

Kilichokwanguliwa hakirudi. Mchoraji wa kawaida akikosea hupaka juu yake, na hapo ndipo Fundi alipojitenga naye: ameikataa nafasi ya kurudi nyuma, kama mchongaji. Nimeona wachoraji wengi wenye vipaji wakichukua umbo la kinyago, yale masikio makubwa na midomo ya shetani, wakalibandika kwenye turubai yenye machweo ya jua. Siwalaumu, soko linataka. Lakini wamechukua ngozi. Alichochukua mama huyu ni ile namna ya kuondoa badala ya kuongeza, na ule muda mrefu wa kutazama ambao kuondoa kunaudai.

Siku moja alikosea mbele yangu. Rangi ilikuwa haijafikia, wembe ukavuta utando mweusi ukaburuzika kama utelezi juu ya bega la mwanamke. Nilishusha pumzi kwa niaba yake. Yeye aliweka wembe chini, akatoka nje, akalisha kuku, akarudi, akaketi mbele ya ubao kama anavyoketi mbele ya kinyago. Ule mburuzo umebaki. Umekuwa moshi unaotoka mahali pasipoonekana, na pembeni yake alichora mkono wa mtu wa pili ambaye hakuwamo katika mpango. Nikakumbuka simulizi ya Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1950, ambaye ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha mtindo wa shetani: inasemekana kinyago chake kilivunjika kiungo, naye badala ya kukitupa akakiendeleza kikiwa na upungufu wake, kikawa kiumbe ambacho hakijawahi kuonekana. Wakati ule ule Roberto Yakobo Sangwani alikuwa akichonga dimoongo, mshindi wa mieleka aliyebebwa mabegani na mashabiki wake. Mtindo huo ukakua ukawa nguzo nzima ya watu waliobebana katika gogo moja, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ukajulikana kwa jina la ujamaa.

Njia kutoka patasi hadi brashi haikuanzia Lizaboni. Ilikwisha kupitwa na mtu mkubwa zaidi, George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 Masasi, kwa wazazi wa Kimakonde, na inasimuliwa kwamba alianza kwa kuchonga mizizi ya mihogo, akaja kwenye miti laini, ndipo akafika kwenye mpingo. Vinyago vyake vya mwanzo viliuzwa katika makazi ya wakimbizi huko Lindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam, na ndugu yake wa ukoo, mchongaji Augustino Malaba, akamsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo alichokisimamisha Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku. Huwa namfikiria hapo: bwana mmoja mwenye mkono wa patasi, usiku kucha peke yake katikati ya rangi, karatasi na vitambaa vya batiki vya watu wengine. Muda si mrefu alikuwa akichora mwenyewe, na mwaka 1978 kazi zake zilikuwa kwenye maonesho Washington, Marekani.

Tazama picha ya Lilanga kwa makini. Mashetani wake wenye matumbo na masikio wameshikana, mguu wa huyu umeingia kwenye kwapa la yule, na hakuna mahali palipoachwa patupu. Wengi huona uchangamfu wa rangi. Mimi naona nguzo ya ujamaa iliyolazwa chali na kupakwa rangi. Mchongaji hawezi kuacha mwili ukielea hewani, utakatika. Kila kiungo lazima kiegemee kingine. Lilanga alipohamia kwenye ubao ambako mwili ungeweza kuelea popote, mkono wake ulikataa. Uzeeni kisukari kilisababisha akatwe miguu, hakuweza tena kuinamia gogo, akaendelea kuchora. Alifariki Juni 2005. Fundi ana picha moja ya Lilanga iliyokatwa kutoka kwenye gazeti, ameibandika juu ya dirisha, imeshapauka kwa jua mpaka nyekundu yake imekuwa ya waridi, na hataki kuiondoa.

Na ile hadibodi ya futi mbili? Hiyo ni ya jirani yetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, mkoa huu huu wa Ruvuma, mwaka 1932. Alikata mkonge Tanga, akafanya kazi za nyumbani Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya ubao wa dari. Miaka minne tu, kisha mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Huko alikotoka watu walikuwa wakipamba kuta za nyumba zao kwa udongo na makaa, na wapo watafiti wanaoona kuta hizo ndani ya picha zake. Fundi hana shaka. Udongo wake mwekundu ulio chini ya rangi ya dukani ni ukuta wa Tunduru, asema, umefunikwa na duka la vifaa vya ujenzi.

Kuna Jumamosi alinialika tuandamane mjini, kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Hakuja na karatasi wala kalamu. Tuliketi karibu na kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, watoto wa shule wakipita, mwalimu akiwahesabu. Nilimwambia jambo nililokuwa nimelisoma: katikati ya mwaka huo huo, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijatulia kusini, mtaalamu wa Kijerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, Karl Weule, alitembea kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akikusanya barakoa na vifaa vya watu, na akawapa wenyeji karatasi na penseli wamchoree. Akavisafirisha. Fundi alikaa kimya kwa muda. Halafu akauliza swali moja: hizo barakoa huko Leipzig, zimewekwaje, zinaonekana mgongo? Sikuwa na jibu. Tukaendelea kukaa. Nilielewa kwamba kwake kinyago kilichotundikwa ukutani kinaonekana nusu, kama mtu aliyekatazwa kugeuka.

Kunyamaza kwenyewe, anasema, alifundishwa na wawili. Babu ni mmoja. Wa pili ni Peramiho, kama kilomita ishirini na kitu kutoka hapa, ambako Wabenediktini wapo tangu 1898. Akiwa msichana alikuwa akipeleka mboga huko na mama yake, na adhuhuri kengele ilipolia watawa waliacha kila kitu, karakana ikazimika, wakaingia kanisani kuimba zaburi, ubeti mmoja upande huu na ubeti mwingine upande ule. Alichokikariri hakikuwa wimbo. Ni ile pumzi katikati ya mstari, pale wote walipokoma pamoja kabla ya kuendelea, na kanisa lote likabaki na mwangwi. Kila akifikisha wembe kwenye mwisho wa umbo huiacha pumzi hiyo. Unaweza kuiona kwenye mbao zake ukijua pa kutazama: kabla ya kila ukingo kuna uzi mwembamba wa weusi ambao haukuguswa.

Mwezi uliopita alimaliza ubao alioufanyia kazi tangu baridi ilipoanza. Mwanamke mwenye mtungi yumo, lakini ameonekana kwa nyuma, mgongo mtupu wa mikato, na uso hatuoni. Niliuliza kama atauuza. Akacheka kidogo, akasema utaondoka wenyewe ukiwa tayari. Kisha akauinua, akaugeuza uso kuelekea ukutani pamoja na wenzake. Akarudi kwenye kigoda. Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani kutoka upande wa Matogoro na kukipata kinyago begani. Akanyoosha mkono, akakisogeza upana wa kidole, akaketi.